Ukurasa Uliobaki Mweupe

Hospitali nzima ilimwita Sista, kana kwamba hakukuwa na sista mwingine, ilhali manesi walikuwa tele kila korido. Alikuwa mkuu wa wodi ya upasuaji, mwenye viatu vya raba visivyotoa sauti na miwani iliyoning'inia kwa kamba kifuani. Madaktari vijana walimwogopa kidogo. Wagonjwa walimpenda, halafu wakamwogopa, halafu wakampenda tena siku ya kuruhusiwa kurudi nyumbani.

Katika umri ambao wenzake walikuwa wakisubiri kustaafu, yeye alijiandikisha chuoni kusomea shahada. Hakuwa na makuu. Chuo cha uuguzi kilichopakana na hospitali kilitaka mwalimu wa kufundisha wanafunzi kazi za wodini, na sharti lilikuwa shahada. Magoti yake yalikuwa yamechoshwa na korido, lakini mdomo bado ulikuwa na nguvu, na mumewe alisema ualimu ni kazi ya mdomo, kwa hiyo ataiweza. Mume huyo alikuwa fundi cherehani aliyefanyia kazi sebuleni, na kwa muda wote wa masomo ya mkewe alivumilia vitabu juu ya meza yake ya kukatia vitambaa. Alilalamika, ndiyo, lakini alilalamika huku akivisogeza kwa adabu.

Tasnifu yake ilihusu wagonjwa waliotoka kupasuliwa ambao wanaficha maumivu. Hilo alilijua kuliko alivyojua njia ya kwenda kwao. Kuna mgonjwa anayelia sindano haijafika, na kuna mwingine ameshonwa tumbo zima, ukimuuliza hali anakujibu kuwa hajambo, tena anakuuliza wewe umeamkaje. Huyo wa pili ndiye wa kuangaliwa. Sista alisoma vitabu, akaazima vingine maktaba, akachapa kwa vidole viwili kwenye kompyuta ya kuazima, na alipomaliza akaipeleka kazi yake kwa msimamizi, moyo kwatu.

Msimamizi alikuwa kijana wa kumzaa, daktari wa vitabu, wa aina ile isiyojua kuchoma sindano. Kwa haki yake, alikuwa na adabu. Siku alipomwita ofisini alisimama kumpokea, akamvutia kiti, akaufunga mlango. Sista alipoona mlango unafungwa akajua mambo si shwari, maana hata yeye huvuta pazia la kitanda kabla ya kumpa mtu habari mbaya.

"Mama, samahani," kijana akaanza. "Kazi yako tumeipitisha kwenye kompyuta. Kuna programu inayolinganisha maandishi na vitabu na makala za watu. Panapofanana, inapaka rangi nyekundu."

Akamgeuzia kioo cha kompyuta. Sista akavaa miwani. Kurasa zilikuwa nyekundu tangu juu hadi chini, na akaona aibu kuzitazama mbele ya mtu.

"Inafanana kwa sababu nimetoa huko," akasema. "Si nimeviandika vitabu vyote mwishoni? Orodha nzima. Sijamficha mwandishi hata mmoja."

"Umeviandika, mama. Lakini ndani sioni nani amesema nini. Ukisoma hapa, hapa, na hapa, ni kama wewe ndiye uliyesema yote. Na maneno ni yaleyale ya mwenyewe, neno kwa neno, bila alama za kunukuu. Kwa utaratibu wa chuo huu ni wizi wa maandishi."

Neno wizi lilimpiga kofi. Huyu alikuwa mwanamke ambaye hakuwahi kuondoka na hata bendeji ya hospitali. Akasema polepole, "Nimeyaacha neno kwa neno ili nisiyaharibu."

Hapo lazima nimtetee kidogo, maana wapo watakaomcheka. Wodini, kubadili maneno ya mwenzako ni dhambi. Wakati wa kukabidhiana zamu, nesi anayeingia huhamisha yaliyo muhimu kutoka ripoti ya jana kwenda ya leo, na anayahamisha vilevile yalivyo. Ukikuta mwenzako ameandika kwamba mgonjwa anakunja uso akigeuzwa ubavu wa kushoto, huji ukaandika kwamba mgonjwa hajisikii vizuri. Ukifanya hivyo umeupoteza ule ubavu wa kushoto, na pengine ugonjwa uko hapohapo. Sista alikuwa amewafokea manesi miaka nenda miaka rudi kwa kujitungia maneno. Basi alipokutana na maprofesa vitabuni akawafanyia heshima ileile. Aliwahamisha wazimawazima, bila kuwapunguzia nukta, kisha akawaamkia wote kwa mpigo mwishoni, kama mtu anayeingia ukumbini, akasema hamjambo nyote, akaketi.

"Naamini hukukusudia," msimamizi akasema. "Ndiyo maana sijaipeleka mbele. Nakupa hadi mwisho wa mwezi. Kila sentensi uiulize imetoka kwa nani. Kama ni ya mtu, mtaje palepale. Kama ni maneno yake hasa, yafunge kwenye alama. Mengine yaseme kwa lugha yako, na bado umtaje. Nikiipeleka hivi ilivyo, shahada hupati, na mahali pengine hawatakupokea."

Kisha, kama daktari anayetaka mgonjwa aondoke na tumaini mkononi, akasogeza kurasa hadi akafika mmoja, katikati ya sura ya mwisho. Ulikuwa mweupe pepepe.

"Lakini huu," akasema, na uso wake ukachangamka, "huu kompyuta haikuugusa. Hapa unaposema kwamba mgonjwa anayeficha maumivu huanza kuuliza saa. Nimetafuta kila mahali, hakuna aliyewahi kuliandika jambo hili. Huu ni wako, mama. Jopo la watahini likikuuliza umeleta nini kipya, utawaonyesha ukurasa huu. Ujenge huu, umeshapita."

Sista akashukuru, akabeba mkoba wake, akatoka. Kwa hasira na aibu aliyokuwa nayo, maneno hayo ya mwisho yalimpita sikioni tu.

Kesho yake aliingia zamu ya asubuhi akiwa hana simile na mtu. Akafika kitanda cha dirishani, akachukua ripoti, akakuta mistari minne imeandikwa vizuri na chini yake hakuna sahihi.

"Nani ameona haya?" akamuuliza nesi aliyekuwa karibu.

"Si mimi, Sista. Ni ya wale wa jana."

"Wa jana wana majina. Ameandika hapa kwamba kidonda kimeanza kutoa maji. Nikitaka kumuuliza maji ya rangi gani, nimuulize ukuta? Ripoti isiyo na mwenyewe siwezi kuifanyia kazi, maana siju..."

Akaishia hapo. Nesi akangoja sentensi imalizike, haikumalizika. Sista alibaki ameshika ripoti, mdomo wazi, akimtazama mgonjwa ambaye naye alianza kuingiwa na wasiwasi juu ya kidonda chake. Kumbe alichokuwa akiulizwa na yule kijana ni hikihiki. Kwa miaka yote alihamisha maneno ya wenzake bila kuyaharibu, na hakuna aliyemwita mwizi, kwa sababu chini yake palikuwa na sahihi ya aliyeona. Kule chuoni alikuwa amehamisha maneno na kuziacha sahihi. Alijisikia mjinga, na papo hapo akajisikia nafuu, maana kosa ambalo mtu amelielewa halimtishi tena sana.

Jioni alivamia meza ya kukatia vitambaa. Alirudi kwenye kila kitabu, akafungua kila ukurasa, akauliza kila sentensi, wewe wa nani? Iliyojibu alimtaja mwenyewe na mwaka wake. Nyingine alikifunga kitabu, akaizungumza kwa sauti kwanza, akimwambia mumewe kama anavyomweleza mgonjwa, kisha ndipo akaiandika. Mume alijibu kila mara, "Nimeelewa," hata pale ambapo ilikuwa dhahiri hajaelewa chochote, na Sista akawa anairudia kwa maneno mepesi zaidi. Kazi ikaanza kumnogea. Sentensi zilipopata wenyewe, aliona kwamba wawili kati ya wale maprofesa walikuwa wakipingana, jambo ambalo hakuliona alipowamwaga wote kwenye chungu kimoja.

Hivyo hivyo akaja kuufikia ukurasa mweupe. Akaisoma sentensi ya kwanza kwa sauti. Mgonjwa akikuuliza saa mara ya pili, usimjibu saa, muulize panapouma.

Wewe wa nani?

Akashika tama. Mumewe akasimamisha mashine, maana ukimya wa mkewe haukuwa kitu cha kawaida nyumbani mle.

"Vipi tena?"

"Hii si yangu."

"Si umesema kompyuta haikuipaka rangi?"

"Kompyuta haimjui Metroni."

Metroni ndiye aliyemlea kazini. Sista alipoingia wodini akiwa msichana anayetetemeka mbele ya damu, Metroni ndiye aliyekuwa mkuu, mwembamba, mkali, mwenye mikono ya baridi. Siku moja walipita kwa mzee mmoja aliyepasuliwa, mtulivu, mwenye tabasamu. Mzee akauliza saa ngapi. Sista akamwambia. Walipopita tena, mzee akauliza saa, na Sista akainua mkono atazame tena. Metroni akaushusha ule mkono. "Mdogo wangu," alimwambia, "huyu hana miadi na mtu. Anahesabu amebakiza muda gani hadi dawa inayofuata. Muulize panapouma." Akaulizwa, na mzee akaanza kulia.

Hayo Sista aliyabeba. Alipokuwa mkuu aliwafundisha manesi wake, nao wakawafundisha wengine, na wodi nzima ikawa inaita jambo hilo saa ya Sista. Mara ya kwanza alipolisikia jina hilo alicheka na kusema si langu hili, ni la Metroni. Mara ya pili alicheka tu. Baada ya hapo akalizoea, kama mtu anavyozoea koti la kuazima hadi mifuko yake ikajaa vitu vyake. Metroni alistaafu, akaagwa kwa keki na hotuba, na Sista, ambaye aliahidi mbele ya watu kwenda kumwamkia kila mwezi, alikwenda mara mbili.

"Nani atajua?" mumewe akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa amemwona mkewe akiamka alfajiri kusoma, na alitaka kumuona amepumzika. "Hakuliandika popote. Maneno ya mdomoni ni ya kila mtu. Na wewe umeyafanyia kazi kuliko yeye."

"Yule kijana ameniambia huu ndio utakaonipitisha."

"Basi uache hivyo, upite nao."

Sista alifunga vitabu akaenda kulala, na usingizi haukumjia kwa wepesi. Nisimpambe: aliutaka ule ukurasa. Aliutaka kwa roho yake yote. Alitaka kusimama mbele ya jopo, mwanamke wa magoti mabovu na vidole viwili, awaambie wasomi wale kwamba amewaletea kitu ambacho vitabu vyao havina. Na jambo lililomuuma zaidi ni kwamba katika zile kurasa zote nyekundu, alizoitiwa mwizi, hakuwa ameiba kwa kujua. Kwenye huu mweupe, aliopongezewa, angejua.

Akarudi kwa msimamizi kabla mwezi haujaisha.

"Daktari, kitu nilichoambiwa kwa mdomo naandikaje?"

"Unataja jina la aliyekuambia, unaeleza kwamba ni mazungumzo, na lini. Na kama yuko hai ni vizuri umwombe ruhusa kwanza. Kwani kipi?"

Akamwambia. Kijana akaegemea kiti, akavua miwani, akaisugua muda mrefu.

"Mama, nadhani unaelewa maana yake. Jopo litauliza kilicho chako ni kipi."

"Naelewa."

"Na utawajibu nini?"

"Nitawaambia niliwahesabu wagonjwa waliouliza saa, na niliwauliza panapouma, na niliandika walichojibu. Hicho ni changu. Kikiwa kidogo, ni kidogo."

Nikwambie mapema ili lisikukeshe: shahada aliipata. Jopo lilimuuliza swali lilelile, akajibu jibu lilelile, na mmoja wao akaandika kwamba kazi ni safi ila mchango wake ni wa wastani. Alama hazikuwa za kupigiwa vigelegele. Chuo kilimchukua hivyohivyo, na leo anafundisha. Lakini hayo yalikuja baadaye, na si huko ninakokupeleka. Nakupeleka nyumbani kwa Metroni, alasiri ile Sista alipokwenda kuomba ruhusa.

Alipanda ngazi akipumzika kila ghorofa, na katika kila pumziko alipanga maneno ya kuomba radhi kwa kupotea. Mlango ulifunguliwa na binti wa Metroni, mwanamke wa makamo mwenye aproni na macho ya kukosa usingizi.

"Sista, umetukumbuka," akasema, bila kinyongo, na hilo likamkata maini zaidi kuliko kama angenuna. Kisha akashusha sauti. "Mama hayuko kama ulivyomwacha. Siku nyingine ananijua, siku nyingine ananiita nesi. Usishangae asipokujua."

Metroni alikuwa ameketi kando ya kitanda kilichotandikwa kwa pembe kali, kwa mtindo wa hospitali. Blauzi yake ilipigwa pasi, nywele zimechanwa nyuma. Alimtazama Sista kuanzia viatuni hadi kichwani.

"Viatu vizuri," akasema. "Havipigi kelele. Umekuja kuripoti?"

Radhi zote alizozipanga ngazini zilikosa pa kutua, kwa sababu aliyetakiwa kuzipokea hakujua kwamba amekosewa. Sista akavuta kiti, akatoa karatasi kwenye mkoba, ule ukurasa mweupe aliouandika upya.

"Ndiyo, Metroni. Nimekuja kuripoti."

"Haya."

Akausoma ukurasa mzima. Alimsoma yule mzee mwenye tabasamu, mkono ulioinuliwa, mkono ulioshushwa, na maneno yaliyosemwa kitandani pale. Alisoma taratibu, kama inavyosomwa ripoti, na Metroni alisikiliza huku ameinamisha kichwa upande mmoja, kama alivyokuwa akisikiliza zamu zote za zamani. Binti yake alisimama mlangoni na kitambaa mkononi.

Ilipokwisha, Metroni akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Huyo aliyesema hivyo amekaa na wagonjwa," akasema. "Hayo hayapatikani darasani. Nani huyo?"

Hapo Sista angeweza kusema lolote. Mwenye mali mwenyewe alikuwa amesahau kwamba ilikuwa yake, na alikuwa akiisifu mbele yake kwa moyo mweupe. Hakuna kompyuta ingepaka kitu rangi, hata binti asingejua.

"Ni wewe, Metroni," akasema. "Ulinifundisha wewe, nikiwa msichana. Nimekuja kukuomba niandike jina lako."

Metroni akaitazama ile karatasi kwa muda. Akanyoosha mkono, akapewa, akaishika karibu na macho na kupitisha kidole mistari yote, mmoja baada ya mwingine.

"Mimi nilisema haya?"

"Wewe. Na kuna manesi wengi wanayafuata hadi leo. Wagonjwa wengi wamepata dawa kwa sababu yako."

Sista alidhani Metroni atalia, lakini alipoinua uso palikuwa na ukali wake wa zamani, uleule uliokuwa ukiwasimamisha wima wodi nzima.

"Sasa mbona hamkuniambia nilipokuwa naweza kuyakumbuka?"

Sista akaushika ule mkono wa baridi. Binti pale mlangoni akageuka, akajifuta uso kwa kitambaa cha vyombo.

"Liandike," Metroni akasema hatimaye, akimrudishia karatasi. "Liandike jina lote, la kwangu na la baba yangu."

Sista akatoa kalamu, akaliandika palepale, kwa herufi kubwa, akamwonyesha. Metroni akalisoma, akaridhika, akaanza kunyoosha shuka ambalo halikuwa na mkunjo. Muda kidogo akainua macho, akamtazama Sista kama mtu aliyeingia chumbani sasa hivi, kisha akaitazama karatasi iliyokuwa mapajani mwake.

"Umekuja na ripoti?" akauliza. "Hebu nisomee."

Akasomewa tena, tangu mwanzo. Na alipouliza ni nani huyo aliyesema hivyo, Sista akamwambia tena.